Kitambaa cha Kibuyu

Jumamosi, 5 Septemba 2015

Kibuyu analia akikojoa.

Nimemsikia asubuhi nikiwa nafua. Si ile sauti yake ya kudai majani – hiyo naijua, na wapangaji wote wa ua huu wanaijua. Hii ni nyembamba, inavutwa, halafu inakatika ghafla. Nikaacha nguo kwenye povu. Nimemkuta kajikunja, mgongo juu, na chini yake kwenye nyasi kavu doa jekundu.

Nikadhani kajikata na msumari wa banda. Nimemgeuza, nimekagua miguu, masikio, tumbo. Hakuna kidonda. Damu inatoka na mkojo!

Ni simbilisi tu, najua. Watu wakimwona wanaona mboga. Ildefonsi, mwalimu mwenzangu wa darasa la nne – yeye Hisabati, mimi Sayansi – kila akipita hapa kwangu humuuliza Kibuyu kama ameshaiva. Huwa nacheka. Leo nisingecheka.

Maana Kibuyu si wangu. Ni wa Ntirampeba na binti yake Kaneza. Nimeachiwa tu nimtunze. Miaka mitatu kasoro nimeachiwa.

Jioni nimempa mchicha, maji, na kipande chake cha chaki asagie meno, kama kila siku. Chaki kaimaliza. Mchicha hata kuunusa. Natembea tu humu ndani, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi.

Jumapili, 6 Septemba

Nimechana shuka jeupe la zamani, nikamtandikia kipande. Nyasi zinaficha rangi. Kitambaa hakifichi.

Saa nne: njano. Saa saba: wekundu pembeni. Saa kumi: matone mawili na kilio.

Mkojo wake ukikauka unaacha unga mweupe. Nimeukung'uta. Vumbi la chaki hilo, kila kitu changu kina vumbi la chaki, hadi kanga.

Sikwenda misa. Ningeomba nini huko – Bwana, mponye panya wa watu? Padri angenishangaa.

Mama kapiga simu kutoka Tarime. Kauliza kazi, kauliza afya, kauliza mchumba, kwa utaratibu wake uleule. Nikamwambia Kibuyu anaumwa. Akauliza: Kibuyu ndiye nani? Nikasema ni mgeni anayekaa kwangu. Akafurahi! Akaniambia nimpikie uji. Sikumsahihisha.

Redioni wamesema tena, watu wanakimbia Burundi, wanavuka mpaka kuja Mabamba. Tangu Mei wanavuka. Nimepiga ile namba ya Ntirampeba ya Burundi. Haipatikani. Tangu mwaka juzi haipatikani, ila mkono unapiga wenyewe.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimempeleka kwa Sylvesta, bwana mifugo wa kata. Nimembeba kwenye kapu la sokoni, nimefunika na kanga. Sylvesta kafunua, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema yeye anatibu ng'ombe, madam, huyu ni kitoweo.

Nikamtazama tu. Sisi Wakurya tukimtazama mtu hivyo anaelewa. Akanawa mikono.

Kambonyeza tumbo kwa vidole viwili, polepole. Akaacha kucheka. Kaniwekea kidole changu mahali: kuna kitu kigumu, kama punje ya mtama. Jiwe, madam. Jiwe kwenye kibofu. Kasema mbuzi dume pia hupata, hasa wakilishwa ovyo. Chokaa inazidi mwilini, mkojo unakuwa mzito, inagandamana.

Kupasua hawezi. Hapa wilayani hamjui wa kumpasua mnyama mdogo hivi. Dawa ni chakula. Hakuna mchicha tena, hakuna matembele, hakuna majani ya maharage. Nyasi, nyasi, nyasi. Maji mengi. Pilipili hoho kidogo ya kumtia nguvu. Nikauliza: na jiwe? Kasema likiwa dogo litatoka lenyewe. Likikwama kwenye njia – dume njia yake nyembamba – siku moja, mbili, basi.

Akaniuliza anakula nini kingine. Nikamwambia hakuna. Majani tu.

Nimerudi na hasira. Miaka mitatu namlisha mchicha mtu wa watu! Nilijiona mama mwema.

Jumanne, 8 Septemba

Kesho na keshokutwa mtihani wa darasa la saba. Nimepangiwa kusimamia Kumsenga. Wangenipanga hapa Kitahana wangepungukiwa nini? Naondoka jioni hii.

Kibuyu namwachia Mwanaheri, mke wa mwenye nyumba. Duka lao lipo mbele, sisi wapangaji tupo ua wa nyuma. Mtu wa Tanga, maneno yake laini, mkono wake mwepesi kutoa. Hapo ndipo ninapoogopa. Mwanaheri hawezi kuona kiumbe kinamtazama asikipe kitu.

Nimeandika karatasi, nimeibandika bandani. RUHUSA: nyasi, maganda mabichi ya mahindi, hoho kipande kimoja. MARUFUKU: mchicha, matembele, majani ya maharage, majani ya maboga, dagaa. Kaisoma kwa sauti, akacheka. Dagaa, Mwalimu? Nikamwambia huu ni mkoa wa Kigoma, lolote linawezekana.

Nimemwekea maji bakuli mbili. Chaki vipande sita, asije akakosa cha kusagia meno mimi sipo.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimerudi. Kitambaa ni chekundu. Si pembeni, katikati!

Kalia mara tatu nikiwa nimesimama hapo. Kachutama, kasukuma, tone. Kasukuma, hakuna.

Halafu nikaona pale jalalani vikonyo vya matembele. Vibichi. Sikuuliza. Nikaenda dukani moja kwa moja, mbele ya wateja, nikamwambia Mwanaheri kwamba mtu ukimpa karatasi aisome, na kama hawezi kumtunza mnyama wa mwenzake aseme, asijifanye mwema. Nilisema na mengine.

Yeye hakupandisha sauti. Kasema, "Mwalimu, mimi sikumpa." Mara moja tu. Akaendelea kumpimia mteja sukari.

Ningependa angenijibu vibaya.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimenunua kufuli. Banda la simbilisi lina kufuli! Ildefonsi kasema sasa kilichobaki ni mlinzi.

Mwanaheri hanisalimii. Ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo. Tunapishana tu.

Shida ni nyasi. Septemba hii vilima vyote vimechomwa moto, vyeusi. Majani mabichi yapo bondeni tu, na huko kila mtu kapanda bustani: mchicha, matembele, maharage. Yaani kijani chote kilichobaki Kitahana ndicho kilichopigwa marufuku! Nimetembea saa nzima na mundu hadi kwenye kijito, nimekata mabingobingo, nimerudi nayo kichwani. Nimekutana na nusu ya darasa langu. Shikamoo madam. Marahaba. Kesho watakuwa wameshaambiana kwamba madam Ghati kanunua ng'ombe.

Kibuyu kala. Kala vizuri! Nilisimama namwangalia anavyotafuna mpaka miguu ikafa ganzi. Baadaye nikampa chaki yake, zawadi ya kula vizuri.

Jumapili, 20 Septemba

Siku sita za nyasi tupu na damu ipo. Inapungua, inarudi. Sielewi! Namfuatia chakula kwa mguu, nachemsha maji yake, nalala na ufunguo wa banda shingoni. Anazidi kukonda. Jina Kibuyu alipewa kwa ajili ya lile tumbo lake, sasa tumbo liko wapi?

Haya, niandike. Hapa hakuna wa kusoma.

Mwaka wangu wa pili Kasulu, kabla sijahamishiwa huku, niliugua taifodi. Nyumba ya mwalimu, peke yangu, sijui mtu. Ntirampeba alikuwa akitoka Mtabila, kambi ya wakimbizi, siku za ruhusa na zisizo za ruhusa, kuja kulima vibarua kwenye shamba jirani. Kanisikia natapika. Akaingia bila kubisha. Siku tisa alinipikia uji, alinifulia, alinikandakanda, Kaneza kambeba mgongoni. Simjui, hanijui. Tangu hapo ni dada yangu.

Mwaka 2012 kambi ikawa inafungwa. Wakaitwa mmoja mmoja waeleze kama wana sababu ya kuogopa kurudi kwao. Ntirampeba akaja kwangu na karatasi mbili safi, kazikunja ndani ya kitenge. "Mwarimu, niandikie." Kirundi anaandika. Kiswahili cha ofisini hawezi.

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamwambia, dada, kwenu kumetulia, barua ya nini? Nenda, mtoto asome kwao. Sikumkatalia kwa ubaya. Niliamini. Na pia nilikuwa nimechoka, na madaftari yalikuwa sitini.

Akazikunja karatasi zake. Akazirudisha kwenye kitenge.

Desemba wakapakiwa kwenye magari. Asubuhi ile kaniletea Kibuyu, kadogo, kanaenea kiganjani. Wengine wote walikuwa wameuzwa au kuliwa. Huyu Kaneza alimkatalia kisu. Miaka mitano, analia kama kafiwa. Ntirampeba kaniambia majani na vijiti, Mwarimu, kijiti cha kutafuna kila siku, meno yao hayaachi kuota. "Mtunze. Tutamrudia."

Hakuninunia. Hilo ndilo linaloniumiza. Angeninunia.

Na sasa kila siku wanavuka Mabamba. Kama yumo, atakuja kuniuliza kitu kimoja. Lazima nimpe mkononi, mzima, anapumua. Hicho kimoja angalau.

Alhamisi, 24 Septemba

Idi. Ua mzima umekula pilau ya Mwanaheri. Sahani yangu nimeikuta mlangoni, imefunikwa. Hakubisha hodi.

Nimekula yote. Haya imenishika tangu nilipomeza tonge la kwanza.

Jumanne, 29 Septemba

Jamani.

Jamani, jamani.

Kipindi cha tatu, Sayansi. Mawe na matumizi yake. Nimeandika ubaoni: Mawe ya chokaa. Nikauliza darasa, chokaa hutumika kutengeneza nini? Wakanyoosha mikono. Saruji, madam! Rangi ya kupaka nyumba, madam! Nikasema vizuri, na nini tena? Mikono ikashuka. Nikawaambia, angalieni hiki nilichoshika mkononi.

Chaki, madam! Darasa zima, kwa pamoja.

Nikageuka nikaandika. CHAKI. Na mkono ukabaki palepale ubaoni.

Kijiti cha kutafuna, alisema Ntirampeba. Nikampa vijiti mwezi wa kwanza. Halafu nikaona chaki zipo mfukoni tayari, vipande vya mwisho wa kipindi, vinatupwa bure, na yeye anavisaga kwa raha. Chaki moja, mbili, kila jioni. Miaka mitatu. Sylvesta kaniuliza anakula nini kingine. Nikamjibu hakuna! Sikumdanganya. Chaki kwangu si chakula, haikuniingia akilini hata kidogo. Siku za Kumsenga nilimwachia sita!

Ule unga mweupe kwenye kitambaa. Nikaukung'uta.

Mwalimu wa Sayansi. Loo.

Nimewaambia wafungue ukurasa wa hamsini wasome kimyakimya. Nimetoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele.

Jumatano, 30 Septemba

Nimekwenda dukani. Nilisubiri wateja wapungue, halafu nikaona hapana: nilimtukana mbele ya watu, nimwombe radhi mbele ya watu. Walikuwepo wanne. Nikasema yote. Mama mmoja alisahau chenji yake akisikiliza.

Mwanaheri kasikiliza hadi mwisho, anafunga vifuko vya chumvi. Kasema matembele yale walikula wao jioni, na samaki. Kasema, "Mimi kusoma nasoma, Mwalimu. Karatasi yako niliifuata neno kwa neno. Sasa karatasi haikusema chaki."

Haikusema.

Halafu, "Vile sita vilimpendeza kweli. Nilimwonea huruma nikataka nimwombee vingine darasani." Tukaangaliana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, sijui nilionekanaje.

Nimetoa kufuli. Nimemkatia Kibuyu vijiti vya mpera. Kavinusa, kanitazama, kasubiri kitu kingine. Alikuwa anasubiri chaki, maskini! Nimegeuza mifuko yote ya makoti, nimekung'uta nje.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua ya tatu wiki hii. Vilima vimeanza kuota. Nyasi changa mpaka mlangoni, sihitaji kwenda bondeni!

Kitambaa: njano. Siku ya sita, njano. Unga umepungua, ila upo. Nimempelekea Sylvesta habari ya chaki. Hakucheka safari hii, kashika kichwa. Kasema umeacha kujenga, madam, lakini nyumba bado imesimama. Jiwe lipo. Kambonyeza: lipo, na limesogea.

Mama yake Ildefonsi katuma ndevu za mahindi kutoka Mabamba, zichemshwe, anywe maji yake. Wao huwapa watu wanaoungua mkojo. Nampa kwa kijiko. Mwanaheri anamshika, mimi namnywesha. Anatema nusu, kwenye gauni la Mwanaheri.

Kanona kidogo. Au nataka tu iwe hivyo.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimesimamia kituo cha kupigia kura tangu alfajiri. Miguu imevimba. Kitambaa, kwa taarifa ya Mwanaheri: njano.

Alhamisi, 5 Novemba

Ildefonsi kanifuata wakati wa uji wa wanafunzi. Kasimama, hakai. Kaniuliza, madam, wewe Kasulu ulifundisha mwaka gani?

Mama yake kampigia. Kuna kundi limevuka juzi, limekwama Mabamba, barabara imeharibika kwa mvua na mabasi ya kuwapeleka kambini Nduta yamechelewa. Wamepewa hema. Kuna mwanamke mwenye binti anauliza kila mtu habari za mwalimu wa Kasulu aliyeachiwa simbilisi. Watu wanamwona kachanganyikiwa. Ildefonsi kasema, "Nikamwambia mama, huyo hajachanganyikiwa. Nchi hii yote ni mwalimu gani mwingine anafuga simbilisi asimle?"

Nimemshika mkono nikasahau kuuachia.

Yupo. Wapo wote wawili!

Nimerudi nyumbani mbio, kumwambia Kibuyu. Ndiyo, kumwambia, sijali. Kachutama. Kasukuma. Kile kilio. Kitambaani tone moja, jekundu.

Leo? Leo hii hii?

Ijumaa, 6 Novemba

Asubuhi kidogo sana, nyekundu. Tangu saa tatu hakuna kitu. Kitambaa kikavu. Nimekigeuza, nimekinusa, kikavu.

Ningekwenda jana. Mwalimu mkuu kasema mitihani ya ndani inaisha leo, nisubiri. Nimesahihisha maswali ishirini nikagundua nimempa mtoto mmoja alama za mwenzake. Nimeanza upya.

Sylvesta kapita jioni bila kuitwa. Kasema jiwe limefika mlangoni. Kamkanda tumbo na maji ya uvuguvugu. Kasema linaweza kutoka, linaweza lisitoke, hataki kunidanganya. Nikamuuliza barabara ya Mabamba itamuua? Kasema mtikiso huenda ukamsaidia na huenda ukammaliza. Haya ndiyo majibu ya wasomi.

Mwanaheri kasema niende. Kasema, "Akifa hapa utamwambia nini huyo mwenzako? Akifa mikononi mwake ni mambo mengine." Kanipa kanga mpya ya kumfungia na mkate wa Kaneza.

Nimepanga kapu: nyasi, vijiti, ndevu za mahindi kwenye chupa, vitambaa vinne. Nimepangua. Nimepanga tena.

Jumamosi, 7 Novemba – Mabamba

Naandika nimekaa juu ya gogo, daftari juu ya goti moja, Kibuyu juu ya lingine. Nisipoandika nitaanza kutembea na sina pa kutembelea. Watu, magodoro, sufuria, mbuzi, matope.

Ildefonsi kanileta na pikipiki. Tumeteleza mara mbili. Kila tukiruka shimo niliingiza mkono kapuni. Anapumua. Kitambaa kikavu.

Sikumtambua Ntirampeba. Yeye ndiye kanitambua. Kakonda, kakata nywele, kaja moja kwa moja akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwarimu. Wanenepa, sha!" Maneno yote niliyoyapanga tangu Kitahana yakapotea. Nikamwambia pole. Kasema ego, ndiyo, pole, kama watu wanavyosalimiana tu. Nikaanza: dada, ile barua – lakini jina lake likaitwa kwenye hema la kuandikishwa. Kaniachia Kaneza, yeye akaingia.

Kaneza ana miaka minane. Hanikumbuki hata kidogo. Anamkumbuka Kibuyu. Alipofunua kanga hakupiga kelele, kaweka kidole tu nyuma ya sikio la kushoto, mahali Kibuyu anapopenda kukunwa. Mahali ambapo mimi ilinichukua mwaka kupajua.

Kaniuliza, "Anaumwa?" Nikasema ndiyo. "Alikula nini?"

Ningeweza kusema mchicha. Ni kweli pia, mchicha umo. Nikamwambia: nilimpa chaki. Kila siku. Nilidhani ni nzuri kwa meno yake, nami nilikosea sana.

Kafikiri. Kaneza anafikiri kama mama yake, anaangalia pembeni. Kasema, "Chaki si ya kuandikia, Mwarimu?"

Ndiyo, mwanangu. Ya kuandikia.

Sasa kaenda kuchuma nyasi pale kando ya njia. Anachagua moja moja. Hachumi zenye majani mapana. Hakuna aliyemfundisha, au amefundishwa na mama yake kabla hajajua kusema.

Saa saba na nusu. Tumbo la Kibuyu limekuwa gumu. Anatetemeka kidogo kidogo. Nimemnywesha vijiko vitatu. Simkandi tena, naogopa. Nimemwekea kitambaa kipya chini, cheupe kabisa, na mkono juu.

Basi la kwanza limefika. Linageuza. Wanaita majina.

Ntirampeba katoka hemani. Kasimama mlangoni, anaangaza macho. Ana karatasi mkononi. Nasikia karani anamwambia kutoka ndani: sababu za kukimbia ziandikwe, kwa Kiswahili, zieleweke, kabla basi halijaondoka. Ananitafuta. Kaniona. Kaona kalamu mkononi mwangu.

Anakuja. Hajui kama nitamwambia tena kwamba kwao kumetulia.

Pajani nimehisi joto. Linaenea – Kibuyu kakojoa! Mkojo mwingi! Sikumsikia kulia, au mlio wa basi umefunika. Kitambaa kipo hapo chini yake. Kaneza amesimama na nyasi zake, anasubiri nifunue.

Sijafunua. Karatasi kwanza.